Naomba ushauri: mama apelekwe Eldoret kwa mishipa ya moyo, au abaki kwa dawa?

Hamjambo ndugu zangu. Mama yangu, miaka 63, ana sukari na presha. Amelazwa hapa Kisumu kwa mshtuko wa moyo. Kifua hakikumuuma sana. Ni taya, kutapika na jasho jembamba, tukadhani ni vidonda vya tumbo. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha mshipa kuziba kabisa, lakini troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha misuli ya moyo imeumia, imepanda, na ya pili imezidi ya kwanza.

Daktari mmoja anataka apelekwe Eldoret, apitishwe mrija mwembamba mkononi hadi moyoni, mishipa ipigwe picha na ikibidi awekwe stenti, yaani kibomba kidogo cha kuuacha mshipa wazi. Mwenzake anasema aspirini, klopidogreli na sindano, zote za kuzuia damu kuganda, zinatosha, maana wanawake huvuja damu zaidi kwenye mrija. Nimesoma uchambuzi wa 2008 wa majaribio 8: wanawake wenye mshtuko kama huu ambao vipimo vya damu kama troponini vimepanda walifaidika na mrija, ambao havijapanda, faida haikuonekana. Kwa hiyo mimi naelekea Eldoret. Wasiwasi wangu ni figo za mama, hazina nguvu, na dawa inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha inaweza kuziumiza.

Aliyempeleka mzazi wake, SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa nini? Njiani mlikuwa na nesi? Baba anasema tungoje kwanza, nami naogopa kungoja.