Mtoto wa miezi minne na poti: inawezekana, au ni kumtesa tu?

MamaK_Tabata
Habari za humu. Mtoto ana miezi minne, shingo imekaza ila bado hajakaa. Bibi yake anataka tuanze kumkamata haja sasa hivi, yaani kumshika juu ya beseni ajisaidie humo badala ya kwenye pampasi. Kliniki wanasema tusubiri hadi mwaka na nusu. Pampasi zinamaliza hela, na joto hili la Dar limemchubua mapaja. Naomba hatua zenyewe: anashikwaje, wakati gani, na nini kinaweza kumdhuru. "Kila mtoto na wakati wake" nimeshaisikia ya kutosha.

Mkunga_Mstaafu
Bibi na kliniki wanaongea mambo mawili. Kliniki wanasema mtoto kubana mwenyewe, kuaga na kwenda, na hilo kwa wengi huja kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Bibi anasema wewe kuzijua saa za mtoto, jambo ambalo hata mwezi wa kwanza linawezekana. Mwaka 1977 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti wa deVries na mwenzake kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya: kina mama walianza mtoto akiwa na wiki mbili tatu, na kufikia miezi mitano au sita watoto wengi walikuwa hawajilowanishi tena. Ila mtoto yule alishinda mwilini mwa mtu kutwa nzima. Ukienda kazini saa kumi na moja alfajiri ukarudi saa mbili usiku, usijipime kwa hao.

Anza na haja kubwa, mkojo achana nao kwanza. Tumbo likipokea maziwa, utumbo mpana nao husukuma, kwa hiyo mkamate dakika 5 hadi 20 baada ya kunyonya. Ongeza na pale anapoamka. Mara mbili kwa siku zinatosha wiki ya kwanza. Dalili zake: anatulia ghafla, anakunja uso, anaachia ziwa na kulirudia, anajinyonganyonga.

Kumshika: kaa kwenye kigoda, mgongo wake uegemee tumbo lako, mikono yako chini ya mapaja, magoti yake yapande juu kidogo ya makalio kama amechutama. Beseni liwe chini. Wa kiume mwinamishe mbele, la sivyo mkojo utakurudia kifuani. Kwa haja kubwa unaweza pia kunyoosha miguu, ukamkalisha juu ya vifundo vyako akikutazama, ukimshika kwapani.

Wengi wanakosea kwenye ile "shuuu". Wanaianza kabla mtoto hajaielewa. Siku za mwanzo itoe WAKATI anakojoa, sio kabla, mpaka aunganishe sauti na tendo. Baada ya hapo ndipo unamwitia.

Mshike dakika 3 hadi 5, basi. Akijipinda mgongo kama upinde, mtoe. Na asipewe maji ili akojoe! Chini ya miezi sita ni maziwa tu.

MamaK_Tabata
Asante, mama. Sasa poti ninunue ipi? Kuna zile za muziki.

Muuza_Vyombo
Kwa sasa usinunue, beseni dogo linatosha. Poti ni mpaka akae bila kuegemezwa. Ukimwegemeza kwa mito analala upande na kuishia kuchoka mgongo. Wakati ukifika chagua fupi, nyayo zake zikanyage sakafu, maana anayening'iniza miguu hana pa kujikazia. Kitako kiwe kipana, jaribu kuitikisa pale pale dukani. Pitisha kidole kwenye ukingo: plastiki yenye ufa hufunguka akikaa na kubana ngozi akiinuka, na mtoto aliyebanwa mara moja hakai tena wiki nzima. Ya muziki ni kitu cha kuchezea, atakaa nusu saa akisubiri wimbo.

Dada_Mlezi
Naongeza moja: anayebaki na mtoto mchana afundishwe sauti ile ile na mkao ule ule. Mama anasema "shuuu", dada anasema "kojoa kojoa", mtoto haelewi lipi ni lipi. Pampasi mvalishe usiku na kwenye daladala, hakuna dhambi. Nyumbani nepi ya kitambaa, ibadilishwe ikilowa tu, ndiyo itakayopunguza michubuko.

Mkunga_Mstaafu
Sawa kabisa. Na akianza kutambaa, au meno yakimsumbua, anaweza kugoma wiki mbili tatu. Mpunguzie hadi mara moja, akiamka. Ukimlazimisha anajifunza kubana kinyesi, kinakuwa kigumu, kinamuuma, anabana zaidi. Mzunguko huo kuuvunja ni kazi.

Kinyesi kimwagwe chooni, sio mtaroni wala kwenye maji ya kufulia, hata cha mtoto anayenyonya tu kina vijidudu. Wa kike msafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Nawa kwa sabuni.

MamaK_Tabata
Akikaa siku tatu bila haja kubwa?

Mkunga_Mstaafu
Anayenyonya tu, akishapita wiki sita, anaweza kukaa hata siku kadhaa na kikatoka laini. Hiyo si kufunga choo. Kigumu kama gololi, damu, tumbo kujaa, au kutapika, mpeleke hospitali. Hesabu mkojo pia: ukishuka chini ya mara sita kwa siku, au akilia kila akikojoa na ana homa, usisubiri kesho.

MamaK_Tabata
Nimeelewa. Kesho baada ya ziwa la asubuhi.