Tangi kubwa la matumbawe nyumbani Tanga: naomba ushauri kabla sijamwaga zege

Mwana wa Raskazone

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninajenga nyumba ya ghorofa moja hapa Tanga, na mchoro umetenga ukuta mzima wa sebule ya juu kwa ajili ya tangi la kioo la maji ya bahari, lenye urefu wa sentimita 240, upana wa 80 na kina cha 70, ambamo nakusudia kukuza matumbawe hai na kufuga samaki wa mwambani. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa madema, na nyakati za bamvua, maji yakishakupwa, alikuwa akinipeleka kwa ngalawa kwenye miamba ya upande wa kisiwa cha Yambe, nami nikawa nainamia maji saa nzima bila kuchoka. Wanangu wamekulia Dodoma na hawajawahi kuyaona hayo, ndiyo maana jambo hili nalipa uzito kuliko samani zote za nyumba.

Je, sakafu ya juu itastahimili? Je, naweza kuchota maji baharini na kuyamimina tangini moja kwa moja? Maelekezo mengi ninayoyasoma yanasisitiza kifaa cha kupasha maji joto. Nasi huku tunakihitaji? Na kuna ubaya gani nikivunja vipande vichache vya matumbawe maji yakikupwa, na kunasa kitatange na pono wawili watatu, ambao ndio samaki niwapendao?

Fundi wa Ngamiani

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nakusihi upige hesabu hii kwanza. Vipimo ulivyotaja vinachukua lita 1,344, na kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, maji peke yake yanakaribia kilo 1,380. Kioo cha milimita 19 kwa pande nne na kitako kitaongeza kilo 300 hivi. Ukijumlisha mawe, mchanga na meza ya kubebea, unafika tani mbili, zote juu ya eneo lisilotimia mita 2 za mraba. Sakafu ya juu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, nawe unataka kuweka zaidi ya kilo 1,000, usiku na mchana, kwa miaka. Hata kama slabu haitavunjika, inaweza kupinda kidogo kidogo, na kioo hakivumilii kitako kilichopinda.

Lihamishie chini, juu ya jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, ambalo udongo wake umeshindiliwa vizuri. Ukishikilia juu, mhandisi asanifu boriti na nondo kwa mzigo huo mahsusi, wala usikubali fundi akuambie "itabeba tu". Weka pia tundu la kutolea maji sakafuni na soketi za umeme zilizo juu ya usawa wa tangi, kwa sababu kuzihamisha baada ya plasta ni gharama na ni vumbi.

Bi Mtunza Tangi

Nimetunza tangi la lita 400 hapa mjini kwa miaka minane, kwa hiyo nitajibu yale niliyoyaonja mwenyewe.

Kifaa cha kupasha joto kiache. Maelekezo hayo yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na adui yetu sisi ni joto. Matumbawe ya tangini hustawi kwenye nyuzi 24 hadi 27, ilhali mwezi wa Machi pampu na taa peke yake ziliyapandisha maji yangu kupita 30, matumbawe yakapauka ndani ya wiki chache kwa sababu vijimea vinavyoishi ndani ya nyama yake na kuyalisha vilikuwa vimetoka. Feni ya kupuliza juu ya maji husaidia, ingawa unyevu wa pwani hupunguza nguvu yake. Kwa tangi la ukubwa wako utahitaji mashine ya kupoza maji, na ihakikishwe kwamba inatoa hewa ya moto nje ya nyumba, si sebuleni. Bomba lake la ndani liwe la titani na kamwe lisiwe la shaba, kwa kuwa shaba kidogo tu huua matumbawe, kamba na konokono.

Maji ya bahari yanafaa, lakini si ya ghubani karibu na bandari, wala si ya masika, wakati mito Sigi na Mkulumuzi inapomwaga tope na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Niliyatoa nje ya ghuba kwa mashua, maji yakijaa, wakati wa kiangazi, nikayachuja na kuyapima chumvi: gramu 35 kwa lita ndiyo shabaha. Ukipendelea chumvi ya kiwandani, hesabu kilo 47 kwa mjazo wa kwanza.

Maji yanayopungua kwa kukauka hurudishwa kwa maji baridi yaliyosafishwa, si ya bahari, kwa maana chumvi haipandi na mvuke. Aliyeona majaruba ya chumvi analijua hilo bila kufundishwa. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati yaogope, kwani hubeba zinki.

Lililonitesa kuliko yote ni umeme kukatika. Pampu ikisimama, maji ya juu hushuka kwenye tangi la chini, yaani lile dogo la kuchujia linalowekwa chini ya tangi kubwa, na kwa upana wako kila sentimita moja ya kina ni lita 19. Zikishuka tatu, ni lita 58, bila kuhesabu yaliyomo mabombani. Tangi la chini liachiwe nafasi hiyo daima. Tena samaki hufa kwa kukosa hewa kabla ya kufa kwa joto, kwa hiyo pampu ndogo ya hewa yenye betri iwe tayari hata kabla hujanunua jenereta.

Mzamiaji Mstaafu

Mwanangu, nakujibu kuhusu matumbawe kwa sababu nimeyaona yakivunjwa kwa baruti na kwa nanga, na sitaki kuyaona yakivunjwa kwa mapenzi. Jiwe la matumbawe ya mviringo hukua takriban sentimita moja kwa mwaka, hivyo kipande cha ukubwa wa kichwa chako kimechukua miaka mingi kukua. Ukanda huu una Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, na matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Usivunje chochote. Nenda kwanza ofisi ya uvuvi ukaulize kuhusu vibali, kisha tafuta vipande vilivyooteshwa na wafugaji na vyenye hati.

Mawe ya kujengea mwamba wako yapo nchi kavu: matumbawe ya kale yachimbwayo kwa ajili ya ujenzi. Yasugue udongo wote, yaloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji, ndipo uyapange tangini na kusubiri bakteria waigeuze amonia, ile sumu itokanayo na uchafu, kuwa nitriti, kisha nitrati. Hilo huchukua wiki nne hadi sita, na samaki asiingie kabla amonia na nitriti hazijafika sifuri.

Kitatange wengi hula matumbawe yenyewe, na pono huyaguguna kwa meno. Ukiwatia humo utakuwa umewaandalia karamu ya ghali. Anza na samaki wa anemoni wawili, baadaye kangaja mmoja, ambaye hula mwani na ana pa kuogelea kwenye sentimita 240.

Mwana wa Raskazone

Shikamoo mzee wangu, nawe Bi Mtunza, na ahsante sana fundi. Nimekwisha kumpigia mchoraji: tangi linashuka chini, na ule ukuta wa juu unafunguliwa dirisha. Wanangu wanakuja likizo mwezi wa Desemba. Je, bahari ya wakati huo inafaa kuwapeleka Yambe?

Mzamiaji Mstaafu

Marahaba. Desemba ni kaskazi, na maji huwa meupe kuliko wakati wa kusi. Chagueni siku za bamvua, mtoke asubuhi upepo haujaamka, na nanga itupwe mchangani.