Mrejesho: mdogo wangu aliyeacha swala

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Mwezi uliopita niliwauliza kama nimfungie mlango mdogo wangu, aliyeacha swala na kushinda kwenye uraka, ile pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho), tangu mabibo yaanze kuanguka. Wengi mlisema nimwendee kwanza.

Nilikwenda. Nilitoka Mikindani alfajiri na ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha kwenye kapu, nikamkuta shambani huko Newala anaokota korosho peke yake. Aliponiona alisimama kama mtu anayengoja kipigo. Sikutaja msikiti. Niliinama tukaokota pamoja, tukanyonyoa korosho kwenye mabibo mpaka jua likawa kali. Tulipokaa kula ndipo akasema, "Dada, tangu mwanangu afariki, kila anayekuja anakuja kunisema." Nililia. Msiba ule nilikuwepo, nikapika siku tatu, kisha nikasahau kwamba baba wa marehemu bado anaumia.

Aya ya 12 ya Surat Al-Hujurat nimeihifadhi tangu madrasa. Inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, na msengenyaji amefananishwa na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Na mimi nilikuwa nimemsema mdogo wangu kwa majirani, tena kwa jina la dini! Nimemwomba radhi.

Bado anakunywa, sitawadanganya. Ila Ijumaa alikuja nyumbani mwenyewe, akala, akalala mpaka asubuhi. Kesho narudi kumsaidia, korosho bado nyingi chini.