Naombeni ushauri: "Mtakuwa wakamilifu" (Mathayo 5:48) ni amri ya kutii sasa hivi au ni safari ya maisha?

Mkazamwendo:
Wakuu, salaam. Mimi ni Mkristo, mwanaume, naishi Mbeya. Naomba wenye kuyajua Maandiko wanisaidie, maana moyo wangu hauna amani na usingizi naupata kwa shida.

Yesu anasema, "Basi ninyi mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu." Hasemi mjaribu. Halafu kwenye Mathayo 19:21 anamwambia yule kijana, "Ukitaka kuwa mkamilifu, enenda ukauze ulivyo navyo, uwape maskini." Kikundi chetu cha maombi kinafundisha kwamba mistari hii miwili inakwenda pamoja, na anayeng'ang'ania mali bado ana moyo uliogawanyika. Mtu akisemeshwa na neno hili, atii mara moja au asubiri? Naombeni majibu ya Biblia, matusi hapana.

Siti_ya_Mbele:
Nimekaa paleee, nawasubiri wajuzi.

Mama_Pacha:
Pole mwanangu. Marehemu mume wangu naye alishikwa na mambo ya utakatifu hivyohivyo. Redio ikatoka nyumbani, vitenge vyangu vya maua vikatoka, mimi nikanyamaza. Kilichoniuma ni kwamba dada yake alikuja anaumwa akakataliwa mlangoni kwa kuwa hajaokoka. Tukawa safi kweli, ila wifi yangu akalala kwa majirani. Mpaka leo nikisikia neno ukamilifu nauliza kwanza, nani ameachwa nje?

Mzee_wa_Pwani:
Mimi ni Mmethodisti wa Pwani ya Kenya. Wamisionari wetu walifika pande za Mombasa mwaka 1862. Jambo hili kwetu ni la zamani. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alilitetea karibu maisha yake yote, na mwaka 1766 akachapisha kitabu kizima juu yake. Wesley hakufundisha kwamba mkamilifu hakosei wala haghafiliki. Alifundisha kwamba ukamilifu ni kumpenda Mungu kwa moyo wote na jirani kama nafsi yako, hata upendo huo ukatawala kila nia ya mtu. Na yeye mwenyewe hakudai kuwa amefika. Katika kanisa la United Methodist, anayewekwa wakfu kuwa mchungaji huulizwa hata leo kama anatarajia kukamilishwa katika upendo maishani humu. Ni swali zito, mimi lingenitetemesha. Lakini ona linauliza upendo, haliulizi mali.

Kijiti:
Nuhu kaitwa mkamilifu Mwanzo 6:9, ukifika sura ya 9 kalala hemani kalewa. Kwa hiyo moja baridi inaruhusiwa au?

Mama_Pacha:
Kijiti, mwogope Mungu.

Fundi_Geji:
Mkazamwendo mbona unazunguka? Unauza nini?

Mkazamwendo:
Ni kiwanja tu, mkuu. Fedha yote inakwenda kwa wajane na yatima kupitia kikundi. Na siyo mimi wa kwanza. Mtakatifu Antoni wa Misri alisikia mstari huohuo ukisomwa kanisani, akatoka akagawa mashamba yake. Hakufungua uzi kuomba ushauri.

Katekista_Mstaafu:
Umemtaja Antoni, basi mmalize. Mashamba yale aliyarithi kwa wazazi, na alikuwa na dada mdogo. Alipowagawia wanakijiji ardhi na kuuza vitu vya ndani, alimwekea dada yake akiba. Baadaye, alipoamua kutoa hata ile akiba, alimkabidhi dada kwanza kwa mabikira waaminifu wamlee. Hakumruka ndugu yake. Sasa na mimi nakuuliza: kiwanja ni cha nani?

Mkazamwendo:
Ni cha urithi. Marehemu baba alituachia mimi na kaka yangu. Ila jamani, kaka alishachukua sehemu yake. Tukiwa bado tumelala msibani alihamisha mashine ya kusaga ya mzee usiku, hatujaongea tangu siku hiyo. Kiwanja nimekilipia kodi mimi, nimekifyeka mimi. Na sikili mimi, namtolea Mungu. Mtu anitafutie kosa hapo.

Mwanasheria_Njaa:
Kosa lipo. Mirathi ilifunguliwa mahakamani? Kama hakuna msimamizi aliyeteuliwa, hapo hakuna mwenye mamlaka ya kuuza, wewe wala kaka. Mnunuzi atakuja kulia na hao wajane wako watadaiwa.

Bint_Uyole:
Hii ni chai. Mashine ya kusaga usiku, kikundi cha maombi, Antoni wa Misri! Mtu asiyelala kwa mawazo haandiki kwa mpangilio hivi. Tunatungiwa hadithi hapa.

Kijiti:
Chai ya maziwa kabisa, imewekwa na tangawizi.

Siti_ya_Mbele:
Leta picha ya mkataba, ficha majina.

Mkazamwendo:
Siweki karatasi ya watu mtandaoni. Nitawaambia kilichomo. Sahihi yangu ipo, ya mnunuzi ipo, mashahidi wawili wapo. Chini kuna mstari wenye jina la kaka, nao uko wazi. Mnunuzi anasema tutaandika "hapatikani". Nimeshapokea malipo ya awali. Jumamosi tunamalizia. Mnayeniita mtunzi, niambieni ningefaidika nini kutunga hilo.

Bint_Uyole:
Sawa, hilo la "hapatikani" halitungwi. Nafuta neno langu. Anapatikana?

Mkazamwendo:
Yupo Tukuyu. Namba yake ninayo.

Katekista_Mstaafu:
Basi kijana wangu, rudi kwenye mstari wako usome kuanzia 43. Yesu anazungumzia adui. Baba huwaangazia jua lake waovu na wema, huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Mkiwaamkia ndugu zenu tu, mnatenda tendo gani la ziada? Hapohapo ndipo anasema "basi" mtakuwa wakamilifu. Luka anapoandika fundisho hilohilo, 6:36, anasema iweni na huruma kama Baba yenu. Wewe unataka ukamilifu wa Baba na hata huyo ndugu humwamkii. Na sura hiyohiyo ya 5, mstari wa 23 na 24, inakwambia sadaka uifanye nini ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako.

Mkazamwendo:
Uiache mbele ya madhabahu. Naujua. Lakini aliyekosa ni yeye, mimi ndiye niliyeibiwa!

Mzee_wa_Pwani:
Mstari hausemi nani alianza. Na ukiuza kwa "hapatikani", neno juu yako atakuwa nalo la haki.

Mama_Pacha:
Mpigie leo, mwanangu. Msalimie, uulize watoto wanaendeleaje, kiwanja usikitaje.

Mwanasheria_Njaa:
Na Jumamosi usisaini chochote. Mrudishie mnunuzi hela yake mbele ya mashahidi walewale, akuandikie kwamba kapokea.

Mkazamwendo:
Nimewasoma wote. Kuhusu Jumamosi nitaongea na mnunuzi. Kuhusu kupiga simu, bado sijakubali.