Msanii akiuza sana, jina lake litadumu? Mjadala wa watu wa Mwanza

Mleta mada (Kirumba)

Ndugu zangu, naleta hoja. Kila msanii akiujaza uwanja wa CCM Kirumba, kesho yake mjini ni kauli moja: huyu ameshaandika jina, hafutiki. Mimi nabisha. Kujaza uwanja, kuuza, kutazamwa mara milioni kumi, hayo ni mafanikio ya biashara na yana hesabu yake. Kudumu ni habari nyingine.

Tukubaliane kwanza kipimo, la sivyo tutazunguka mbuyu hadi usiku. Msanii amedumu pale ambapo mtu aliyezaliwa baada ya yeye kuacha kuimba anaujua wimbo wake na anajua ni wa nani. Vyote viwili. Wimbo bila jina sihesabu.

Chukueni "Macarena". Mwaka 1996 ilikaa wiki 14 namba moja Marekani. Leo ukiupiga kwenye sherehe Nyegezi, hadi watoto wanajua mkono upi uanze. Sasa uliza ukumbi mzima waimbaji ni akina nani. Ni Los del Río, Wahispania wawili. Biashara ilifanyika ya kutosha, wimbo ukabaki, jina likaenda na maji.

Mtangazaji wa zilipendwa (Nyamagana)

Kipimo nakubali, hukumu siikubali. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi. Kampuni ya santuri haimvushi mtu bahari kutoka Unguja kwa huruma, inataka kuuza. Santuri ziliuzwa, akarekodi tena na tena. Alifariki 1950, na sauti yake tunayo kwa sababu watu walitoa pesa mfukoni wakanunua. Kuna waimbaji wa zama zake waliosifiwa mitaani vilevile ambao hakuna aliyewarekodi. Hao nikuchezeeni nini?

Au Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba, Morogoro, aliyefariki 1965. Nyimbo zake zilitoka Mombasa kwenye lebo ya Mzuri, na mwaka 2000 zikakusanywa kwenye CD iliyozunguka dunia. Kazi ya namna hiyo hufanyika kwa santuri zilizosalia, na santuri za zamani zinavunjika kama sahani: ikidondoka ya Morogoro, unategemea nyingine iwe salama Mombasa. Zilizouzwa 50 zinaweza kwisha zote. Zilizouzwa maelfu, haziishi zote.

Mleta mada

Siti ana kitu cha ziada, kaka. Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha ya Siti, na kitabu kile kimesomwa na watu ambao hawajawahi kusikia santuri yake hata moja. Hilo halikutoka dukani.

Fundi wa studio (Mabatini)

Mtangazaji amesema kweli kwa zama za santuri na kanda. Sasa hivi hesabu imegeuka, na watu wa biashara hawataki kuliona.

Kanda ya dakika 60 ina utepe wa mita kama 90. Ukiinunua, utepe ule ni wako, unakaa kabatini Sengerema miaka 25, na hata ukiugua unatibika. Kinachokufa kwanza mara nyingi ni kile kipande kidogo cha kitambaa kinachoubana utepe kwenye hedi, yaani kichwa cha kusomea sauti. Gundi yake inakauka, kinadondoka, sauti inakuwa ya mbali kama mtu anaimba ndani ya pipa. Mwenye kanda anadhani wimbo umefutika, anaitupa. Kumbe ganda likiwa la skrubu unafungua skrubu 5, unahamisha vile vigurudumu viwili pamoja na utepe wake kwenye ganda jipya, na sauti inarudi. Utepe ukikatika unaungwa kwa mgongoni, kwa selotepu ya kuungia kanda. Ile ya ofisini usiiguse, gundi yake inatambaa na kunata kwenye hedi.

Wimbo wa leo uliosikilizwa mara milioni 20 unaweza kuwa na nakala kamili moja tu duniani: kwenye hadidiski ya produsa. Msikilizaji hana kitu mkononi, amepewa ruhusa ya kusikiliza. Wasambazaji wa mtandaoni wengine hutoza ada ya mwaka. Msanii akiishiwa au akigombana na meneja, ada haikulipwa, wimbo unashushwa. Hadidiski nayo ikianguka mara moja na kuanza kugonga tik tik, ndiyo basi. Hata ikipona, faili la mradi linaweza kukataa kufunguka kwa sababu programu za ala alizotumia mwaka ule hazipo tena kwenye kompyuta mpya.

Dawa yake ni rahisi na hakuna anayeifanya. Wimbo ukimalizika, toa kila treki, yaani kila sauti au ala, peke yake, faili la WAV la biti 24, zote zianzie sekunde ya sifuri ili yeyote akizipanga zikae sawa. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 30 unakula kama GB 1, basi. Weka nakala 3, katika vifaa vya aina mbili, na moja isikae jengo hilohilo. Anayeuza sana akakosa hilo, nampa miaka 15.

DJ wa harusi (Igoma)

Mbona mnakwenda Bombay wakati mfano uko ng'ambo hiyo ya ziwa? Saida Karoli, binti wa Kagera. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 "Maria Salome" ilipigwa nchi nzima, ya Kihaya, na watu wasiojua neno moja la Kihaya wakaiimba mwanzo mwisho. Kanda ziliuzwa kwelikweli. Baadaye kimya kirefu. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautengeneza upya kwa jina la "Salome", na vijana waliokuwa hawajazaliwa kanda ile ilipotoka wakaanza kuuliza wa kwanza ni wa nani. Nikiupiga wa Diamond halafu nikaunganisha na wa Saida, kina mama ndio wanaonyanyuka viti vya nyuma.

Kwa hiyo mauzo yapi yaliyomdumisha? Yake ya kanda, au ya mwenzake miaka 15 baadaye? Mimi nasema yote mawili. Bila ya kwanza Diamond asingekuwa na wimbo ambao nchi nzima tayari inaujua. Bila ya pili angebaki wa watu wa umri fulani.

Mleta mada

Umenisaidia bila kujua. Wengi waliuita wimbo ule kwa kibwagizo, "Chambua kama karanga", na mpaka leo anayeutafuta anaandika hivyo. Jina la wimbo limeyumba, jina la mwimbaji likayumba nalo.

Mwalimu wa ngoma (Kisesa)

Wanangu, nimesoma mote, naona mmesahau mlipokaa. Mnapenda kusema ngoma ivumayo haidumu. Usukumani imevuma tangu karne ya 19 na ipo.

Ngika na Gumha walikuwa waganga na wakuu wa ngoma, washindani. Kutoka kwao tukapata Bagika na Bagalu, makundi mawili ambayo kila ngoma ya Kisukuma ya mashindano ina upande wake. Hakuna santuri, hakuna kanda, hakuna mtu aliyewalipa kiingilio. Nenda Bujora mwezi Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya Ekaristi, uwaulize vijana wanaocheza wao ni upande gani. Watakujibu kabla hujamaliza swali.

Lakini msinielewe kwamba soko halikuwepo. Angalieni shindano lenyewe. Makundi mawili hayapishani jukwaani kama matamasha ya mjini. Yanacheza wakati mmoja, yakitazamana, kila moja na uwanja wake, na watazamaji wako huru kuhama. Atakayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ukisimama pembeni utaona watu wanaelekea huku, mara ngoma ya pili inabadilisha mwendo au inatoa kituko, umati unapinduka kama dagaa wanaofuata taa ya karabai. Hesabu ya vichwa tulikuwa nayo muda mrefu kabla ya hiyo ya kutazamwa mtandaoni.

Sasa kilichobaki baada ya shindano ni nini? Ushindi wa siku ile unasahaulika msimu ujao. Unaobaki ni wimbo ambao watu wameondoka nao, wakauimba shambani wakilima. Na manju wetu, ningi kwa Kisukuma, ana ufundi wa kuutunza: anajitaja jina ndani ya mashairi, pengine na kijiji chake. Anayeuimba hawezi kuuimba bila kumtaja. Hao Wahispania wenu wangejitaja ndani ya wimbo, mleta mada asingekuwa na hoja.

DJ wa harusi

Mwalimu, hapo nakuvulia kofia.

Msikilizaji wa benga (Musoma)

Niongeze mwanabenga D.O. Misiani wa Shirati, mkoa wetu wa Mara. Aliuza sana upande wa Kenya, kwa Kijaluo, na alifariki kwa ajali Kisumu mwaka 2006. Wavuvi wanampiga hadi leo, na jina la bendi lenyewe ni la kwao, Shirati Jazz. Mwalimu amesema kweli kuhusu jina: la mahali nalo linashika.

Mshauri wa hakimiliki (Capripoint)

Mnaongelea jina kama bahati. Lipo kwenye sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, mbali na haki ya kulipwa. Ulinzi unakwenda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, kwa hiyo alichotunga kinalindwa mpaka 2029. Baada ya hapo yeyote ataweza kukirekodi bila ruhusa ya familia.

Panapoharibika ni mapema sana, usiku ule wa kurekodi. Watu wanne wako studio, mmoja ameleta mashairi, mwingine melodi, produsa ametengeneza mdundo, mgeni ameimba ubeti. Hakuna karatasi. Wimbo ukilipuka, kila mmoja anadai asilimia 50 na jumla inafika 200. Wanagombana, wimbo unazuiwa, redio zinauacha. Karatasi moja inatosha: jina halisi la kila mtu kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la kisanii, alichofanya, asilimia yake, jumla 100, sahihi, tarehe. Halafu sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na usisubiri wimbo uwe mkubwa. Ukishakuwa mkubwa hakuna atakayekubali asilimia 10.

Kuhusu pesa za mtandaoni, tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Maana yake wimbo wa zamani wenye wapenzi wachache waaminifu haumwingizii mwenyewe hata senti, na hapo ndipo anaacha kulipa ada aliyoitaja fundi.

Mtangazaji wa zilipendwa

Basi nirekebishe nilichosema. Mauzo yanakununulia muda. Ndani ya muda huo lazima mtu mwingine afanye kazi: aandike kama Shaaban Robert, aimbe upya, apige redioni na kutaja jina kabla na baada ya wimbo. Watangazaji wengi siku hizi hawataji. Hilo ni kosa letu na tulibebe.

Mleta mada

Hapo tumekaribiana, ingawa bado nasema uwanja uliojaa si ushahidi. Kuna aliyeuliza pembeni kuhusu rapa Fid Q wetu. Bado anaimba, kwa hiyo kipimo hakijamfikia.

Mwalimu wa ngoma

Fundi, hapa Kisesa kuna mzee ana kanda za mashindano, sanduku zima, nyingine zimeandikwa upande mmoja tu. Zinahamishika?

Fundi wa studio

Zinahamishika, mwalimu wangu, ila msizicheze kwanza. Angalia dirishani mwa kila kanda: ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe huo ni ukungu, itie peke yake kwenye mfuko isije ikaambukiza nyingine. Zilizo safi, zungusha kwa mkono kwa penseli mizunguko michache uone kama utepe umegandana. Sanduku likae juu ya meza mbali na ukuta, masika yanakuja na kuta za huko zinavuta maji. Na kabla hazijaletwa, mkae na mzee mwandike: ngoma gani, ningi nani, upande gani, wapi, mwaka gani anaoukumbuka. Mimi sauti nitaitoa, ila ningi ni nani hilo anajua yeye.