Tupeane uzoefu: uliwahi kununua gari ya moyo iliyotumika? Ilikuaje?

Wakuu, habari za jioni.

Kuna Toyota Altezza nyekundu nimeona tangazo lake juzi, ipo Mbezi, na tangu siku hiyo usingizi umekuwa wa mang'amung'amu. Namba ya usajili inaanzia C, gia za mkono, RS200 (ile yenye injini kali), na muuzaji kaandika "gari haina shida, kuwasha na kuondoka". Sentensi hiyo wote tunaijua.

Kabla sijaenda kuiangalia naomba wale waliowahi kununua gari za aina hii waseme yaliyowakuta. Nazungumzia za mbio za miaka ile, na pia zile zilizotengenezwa makusudi zifanane na za kale. Vigari vidogo vya kila siku kama Passo na IST vina uzi wake.

Naanza mimi. Mwaka 2016 nilinunua Altezza ya kwanza kwa jamaa mmoja Tabata. Nyuma imeandikwa RS200, inang'aa. Kilichonimaliza ni ile dashibodi: saa ya spidi imekaa katikati kama saa ya mkononi ya bei mbaya, ndani yake vijisaa vitatu vidogo. Niseme ukweli, nilinunua dashibodi, gari nikapewa kama nyongeza.

Miezi mitatu baadaye fundi kavua kava la injini abadilishe plagi, akaniuliza nimenunua ngapi. Nikamwambia 4. Akacheka mpaka akaweka spana chini. "Bosi, hapa zinaingia 6."

RS200 yenyewe chesisi yake ni SXE10, injini 3S-GE silinda 4, na ya gia za mkono ina nguvu ya farasi 210. Yangu ilikuwa GXE10, injini 1G-FE silinda 6, farasi 160. Kuna mtu alinunua herufi akabandika. Siyo kwamba 1G ni injini mbaya, ile ni ngumu kweli, lakini nililipia farasi 50 ambao sikuwahi kuwaona. Namba ya chesisi ilikuwepo kwenye kadi ya gari siku zote, nami kadi niliiangalia jina la mmiliki tu.

Kuagiza Japani nimeshapiga hesabu nikaacha. Gari ya 2003 ukiiongezea ushuru wa uchakavu, unajikuta unamlipa zaidi mtoza kodi kuliko mwenye gari.

Karibuni.

Legacy ya Njiro

Mkuu, mimi wangu alikuwa Subaru Legacy B4 RSK, ule wenye tabo mbili, yaani turbo, zile feni za kuisukumia injini hewa zaidi. Karatasi inasema farasi 280 kwa gia za mkono. Kwa wasioijua: tabo ndogo inaanza kazi mapema, halafu injini ikishapanda mizunguko tabo ya pili inaingia. Katikati hapo, wakati moja inapokezana na nyingine, gari inavuta pumzi kidogo. Hiyo ni kawaida yake na ukiizoea unaipangia.

Yangu ilivuta pumzi na haikuirudisha. Nipo natoka Usa River, nimetoka nje kulipita lori la simenti, nakanyaga, tabo ya pili haiji. Lori liko kushoto, kwa mbele naona kosta inakuja na taa imewasha. Nilirudi nyuma ya lile lori jasho linanitiririka mgongoni.

Mafundi watatu wamekula hela yangu. Wa kwanza kasema pampu ya mafuta. Wa pili tabo imekufa, ninunue nyingine. Wa tatu akataka kuzing'oa zote mbili anifungie moja kubwa. Siku moja ya Jumapili nikakaa chini na simu, nikatafuta mchoro wa vile vimpira vya vakyumu, maana ziko nyingi na zimepita kila mahali kama utumbo wa mbuzi. Nikawa napiga picha kimoja, nabadilisha, nahamia cha pili. Mpira una umri wa miaka ishirini, umekauka ukawa kama biskuti, ukiugusa unavunjika. Na nikakuta viwili vimechomekwa kwa kupishana, kazi ya mtu aliyekuja kabla yangu. Gharama yote mita chache za mpira, haikufika elfu 80. Miezi 7 nilikuwa naendesha nusu ya gari.

Nilipokanyaga siku ile baada ya kumaliza, sitasema spidi niliyofika, mke wangu anasoma humu.

IST ya Kimara

Mimi nina IST. Nasoma tu, endeleeni.

Mwana wa Pwani, Mombasa

Assalamu alaykum ndugu zangu wa upande wa pili. Mimi nilikuwa na Impreza WRX, ile ya macho ya duara. Nililipenda gari lile kwa sauti kabla sijaliona. Ile ngurumo ya Subaru, makanika wangu alinieleza, huja kwa sababu mabomba ya ekzosi yatokayo kwenye injini hayalingani urefu, basi moshi waja kwa mapigo yasiyofuatana sawa. Vijana wengi hapa huweka bomba kubwa kwenye Impreza isiyo na tabo wakidhani ngurumo ndiyo mbio.

Kosa langu nalisema wazi, silibebeshi gari. Niliambiwa injini ya tabo yanywa oili, nipime kila nikitia mafuta. Nilipima mwezi wa kwanza. Kisha nikajiona nimeshajua gari. Siku nateremka kutoka Nairobi, nimefika karibu na Voi, nikasikia ko-ko-ko kwa chini. Nikaongeza sauti ya redio. Naam, wallahi, niliongeza redio. Baada ya kilomita kama kumi, ko-ko-ko ikawa haisikiki tena kwa sababu injini yenyewe ilikuwa imenyamaza. Beringi ya konrodi ilikuwa imekwisha, kijiti cha oili nilipokivuta kilitoka kikavu kama mswaki wa jana.

Nilinunua injini nyingine, nikaliendesha mwaka, nikaliuza. Hilo ndilo nilijutialo zaidi kuliko injini. Kwetu Kenya gari likipita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliingii nchini, kwa hivyo yale yaliyokuwemo ndiyo hayo hayo, na lililo safi mwenyewe hukutajia bei ukadhani auza shamba. Lako ukilipata zuri, ndugu, usiliachie.

Progres ya Dodoma

Jamani wanaume mnapenda kelele. Mimi dada yenu naendesha Toyota Progres. Ndiyo, ile mnayoiita gari ya mzee wa kanisa. Grili ya nikeli nikeli, taa za mbele zimegawanyika kubwa na ndogo, ndani mbao na viti vipana. Ukiiona imepaki utadhani inasubiri kumpeleka mchungaji kwenye harusi.

Sasa fungua boneti. Yangu ni ya lita 3, ndani kuna 2JZ-GE, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Ndugu yake yule wa Supra, ila huyu hana tabo na hana haraka ya kujitangaza. Barabara ya Dodoma kwenda Morogoro nimeshaacha vijana wengi wenye mabomba makubwa, nami kiyoyozi kinapuliza, kwaya inaimba.

Mnaopenda sura za kale, kuna binamu yake anaitwa Toyota Origin, walitengeneza mwaka 2000 kusherehekea gari la milioni 100 kujengwa Japani. Milango ya nyuma inafunguka kinyumenyume kama ile Crown ya 1955. Zilitoka kama 1,000 tu. Sijawahi kuiona kwa macho, nikiiona nitauza kiwanja.

Ubaya wa Progres: mafuta. Mjini napata kilomita 7 kwa lita nikiwa mpole, na sikuzaliwa mpole. Na spea za bodi hazipo. Nilivunja taa moja ndogo ya mbele nikazunguka Gerezani nzima, mwishowe nikaipata Ilala Shauri Moyo kwa mzee mmoja aliyekuwa ameikalia kama kigoda.

Mie wa Leicester

Mie Mzanzibari nipo huku Uingereza miaka mingi. Bibi yenu alitaka kigari cha urembo, tukapata Nissan Figaro. Wallahi kinapendeza. Ni cha 1991, kimefanyizwa kifanane na vigari vya miaka ya hamsini, paa la kitambaa unalikunja nyuma, swichi za chuma, viti vyeupe. Vilitoka 20,000 tu, na Wajapani walikuwa wengi wanaovitaka mpaka ikapigwa bahati nasibu nani auziwe. Rangi zilikuwa nne, kila rangi na msimu wake wa mwaka. Chetu cha kijani, yaani majira ya kuchipua.

Watu wakisikia kina tabo huniuliza mbio. Hakuna mbio! Injini ni ya cc 987, chini yake ni Nissan March ya zamani, giaboksi otomatiki ya gia tatu. Kwenye barabara kuu kinalia kama blenda. Mbio zake ni watoto kukupungia mkono na vibibi kukusimamisha dukani wakuhadithie ujana wao.

Adui ni kutu. Huku kila mwaka gari inakwenda kukaguliwa, na ukiandika namba ya gari kwenye tovuti ya serikali unaona kaguzi zilizopita, ilifeli kwa nini na kilomita ngapi, au maili kwa huku. Nilikuwa nishalipenda kimoja, rangi inang'aa kama sahani mpya. Nikaandika namba: kutu, kutu, kutu, miaka mitatu mfululizo. Nikamuuliza muuzaji, akasema "limeshashughulikiwa". Nikaingia chini na sumaku. Sehemu mbili sumaku ilianguka yenyewe. Palikuwa na udongo wa bodi, chuma hakuna.

Fundi wa Mwanza

Naandika kwa kifupi, nina gari ya mtu juu ya jeki.

Mkuu, ukienda Mbezi usimwambie saa utakayofika. Fika, weka kiganja kwenye boneti. Kama ni ya moto, uliza kwa nini. Gari yenye siri huwashwa mapema, ikishapata joto kelele nyingi hujificha. Unataka kuisikia ikiamka asubuhi. Mtu mwingine asimame nyuma aangalie moshi sekunde za mwanzo. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokwisha na una harufu ya utamutamu, hayo ni maji ya redieta, gasketi hiyo. Mvuke kidogo wa asubuhi usikutishe.

Hizo 3S za RS200 nguvu yake iko juu, kwenye mizunguko 7,600 huko. Maana yake kila aliyekuwa nayo kabla yako alikuwa anaipeleka huko. Omba ipimwe kompresheni silinda zote 4. Siyo namba kubwa unayotafuta, ni namba zinazokaribiana. Moja ikiwa chini peke yake, ondoka. Muuzaji akikataa kupima, ondoka pia, na usimpe hela ya chai.

Halafu kadi. Soma namba ya chesisi kwenye kadi, soma kwenye bodi, soma na ya injini. Hizi gari wengi wamebadili injini hawakubadili kadi. Nina mteja ana Toyota Chaser nzuri, ndani ina injini ya 1JZ, kadi inasema 1G. Kila akitaka kuiuza mnunuzi anakimbia, sasa ni mwaka wa pili anaipangusa vumbi.

Na wenye tabo: umetoka mbio ndefu, usizime papo hapo. Dakika moja tu iache ikoroge. Hii watu wanaidharau mpaka siku wananiletea mimi.

Mwanzisha uzi

Wakuu nimerudi. Nilikwenda leo, nikampigia nikiwa tayari nje ya geti.

Chesisi: SXE10. Nilisoma mara mbili, nikaipiga picha na mtoto wa jirani akanisomea mara ya tatu. Plagi 4. Ndani dashibodi ile ile, nikaangalia pembeni haraka kabla haijaniongelesha.

Kadi na bodi vinalingana. Namba ya injini hatukuiona, imefunikwa na grisi, kasema atasafisha.

Boneti ilikuwa ya moto. Nikamuuliza, akasema ametoka dukani kununua mkate. Mkate wenyewe sikuuona.

Kompresheni kakubali ipimwe, ila kwa fundi wake. Nimemwambia sawa, kwa fundi wake, lakini nami nakuja na wangu, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na gari asiiguse. Kaniuliza mbona mapema hivyo. Nikamwambia napitia kununua mkate.