Trafiki kanishikia baiskeli kwa kosa la taa. Nilipe au nende mahkamani?

Mpanda Kilima:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri, na wenye mzaha wapite mbali leo maana usingizi sina.

Nilikuwa natoka maulidini Vitongoji, hapa Pemba, narudi Chake na baiskeli, saa nne za usiku hivi, giza totoro. Napanda kilima taratibu, mara tochi ya usoni, simama! Trafiki wawili. Nikasimama. Mmoja akaniuliza mbona sina taa. Nikamwambia taa ninayo, hii hapa, ni ya dinamo, na dinamo haiwaki gurudumu likisimama. Wewe ndiye uliyenisimamisha, itawaka vipi? Mwenzake akacheka, yeye hakucheka. Tukavutana pale mpaka watu wakatoka majumbani. Mwisho baiskeli ikapakiwa garini, mimi nikarudi kwa miguu na kanzu nimeikunja mkononi.

Sasa naambiwa nikubali kosa nilipe faini nichukue baiskeli, au nikatae nipelekwe mahkamani. Mimi naona haki iko kwangu. Kuna mtu amewahi kushinda kesi kama hii? Baiskeli ipo nje kituoni, inapigwa mvua.

Baraza Moja:
Yakhe, lipa uende zako. Ukihesabu nauli za kwenda mahkamani na siku za kazi zitakazopotea, utakuta umeinunua baiskeli mara ya pili. Ila usitoe hata shilingi bila stakabadhi.

Mkuu wa Kimara:
Pole sana mkuu, hao wanakuonea. Fungua Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, usome mwenyewe. Huku Dar ukimtajia trafiki kifungu anakuachia.

Wakili wa Kibarazani:
Mkuu, hiyo ya 1973 ni ya huko kwenu. Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano, lakini sheria ya barabarani hapa Zanzibar inatungwa na Baraza la Wawakilishi. Trafiki huyo huyo akihamishwa Tanga kuja Chake anabadilisha kitabu. Mtoa mada akimtajia kifungu cha 1973 atachekwa mara ya pili.

Mtoa mada, kuna jambo moja hukulisema. Taa kuzimika uliposimama hakuna anayebisha. Ilikuwa inawaka ulipokuwa unakwenda?

Bi Tausi:
Mimi nitasema hata mkichukia. Mwana wa dada yangu aligongwa na gari ya shamba usiku, baiskeli yake haina taa wala kile kioo chekundu cha nyuma. Dereva alisema hakuona kitu, na mimi nilimwamini, maana hata sisi tuliokwenda kumtafuta na tochi tulimpita. Mguu mpaka leo haukunjiki. Mnabishana taa ya mbele, hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza ya nyuma.

Mtu wa Kwerekwe:
Pole dada. Mmenikumbusha ule mwaka waya wa umeme wa chini ya bahari ulipokufa, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja yote giza. Nyinyi Pemba mlikuwa na majenereta yenu ya Wesha mnatucheka. Mimi nilikuwa natoka kazini Malindi mpaka Kwerekwe na baiskeli, tochi nimeibana kwa meno, mate yanateremka mpaka kidevuni. Jirani akinitolea salamu siwezi kuitikia, nikatangazwa mtaa mzima kuwa nina kiburi. Na mimi sikuwahi kusimamishwa na trafiki hata siku moja. Labda na wao walikuwa wanatafuta tochi.

Mpemba wa Ughaibuni:
Mimi niko Uingereza, na huku kesi yako wameshaifikiria zamani. Kanuni zao za taa za mwaka 1989 zinataka baiskeli, tangu jua kuchwa mpaka kuchomoza, iwe na taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma na kiakisi chekundu nyuma, kile kioo alichokisema Bi Tausi. Lakini zimesema pia kuwa baiskeli iliyosimama upande wa kushoto wa barabara ikisubiri kuendelea, hailazimiki taa zake ziwe zinawaka. Wanajua dinamo inazimika. Na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 unaitaka baiskeli iwe na breki, kengele, kiakisi chekundu nyuma, na vya kutolea mwanga mbele na nyuma. Kengele unayo?

Mkate wa Ufuta:
Apeleke baiskeli mahkamani, karani apige pedali, hakimu aangalie globu.

Mpanda Kilima:
Nilisema wenye mzaha wapite mbali. Lakini ndivyo nilivyokusudia hasa. Nitaomba iletwe, niinue gurudumu nilizungushe mbele ya hakimu, taa iwake, kesi iishe. Ahsante sana ndugu wa Uingereza, hiyo ya 1989 nitaiandika kwenye karatasi nende nayo.

Wakili wa Kibarazani:
Usende nayo. Hakimu wa Chake hahukumu kwa kanuni za Uingereza. Na swali langu bado liko pale pale.

Fundi Spoki:
Mimi natengeneza baiskeli, nisikilizeni. Dinamo ya ubavuni ni volti 6, wati 3. Ukipanda kilima mwendo unapungua, taa inabaki nyekundunyekundu, mtu wa mbali anaweza asiione. Mvua ikinyesha kile kigurudumu chake kinateleza juu ya tairi, taa inakatikakatika. Na globu ya nyuma ikifa, ya mbele itafuata mteremkoni, maana umeme wote unaiendea yeye.

Sasa hilo la kuizungusha mahkamani ujihadhari. Waya ni mmoja tu, umeme unarudi kwa chuma cha baiskeli yenyewe. Imekaa mvuani, kutu ikishika pale dinamo ilipofungwa na skrubu, utazungusha mpaka hakimu ende akasali arudi na haitawaka. Halafu niambie, ulipokuwa unapanda, dinamo ilikuwa imeshika tairi?

Mpanda Kilima:
Mafundi mnapenda kuchimba vitu vidogo. Dinamo ipo, waya upo, globu nzima mbele na nyuma. Pale kilimani nilikuwa nimeitenga kidogo. Kila mtu anaitenga kilimani! Ikibana tairi unasukuma kama umepakia gunia la karafuu mbichi. Nikifika juu naibana tena nateremka na mwanga wangu. Kwa hiyo taa NINAYO. Yeye aliniambia sina taa, hakuniambia sikuiwasha.

Wakili wa Kibarazani:
Na kituoni umesema hivyo hivyo?

Mpanda Kilima:
Kituoni asubuhi yake niliandikishwa maelezo. Nilisema ilikuwa inawaka mpaka niliposimamishwa, nikatia saini. Ningesema nini, na wao walianza kwa kusema uongo kuwa sina taa? Trafiki alinimulika usoni tu, dinamo hakuitazama. Hawezi kuapa kwa kitu ambacho hakukiona.

Baraza Moja:
Khaa! Na haya yote unayatoa sasa hivi?

Mswalihina:
Ndugu yangu, umetoka kumswalia Mtume, hujafika nyumbani umeshakutana na mtihani, na asubuhi yake umetia saini uongo. Tafuta kwanza radhi ya Mola wako, baiskeli itakuja.

Wakili wa Kibarazani:
Mimi nitamjibu kwa ya hapa duniani. Ukikataa kosa, wale wawili watakuja kutoa ushahidi, nawe unayo haki ya kuwauliza maswali. Sawa. Lakini na wewe ukipanda kujitetea utaapishwa, na karatasi uliyoitia saini itasomwa mbele yako. Watakuuliza kilima kile ulikipanda dinamo imeshika au haikushika. Kosa la taa mwisho wake ni faini. Kusema uongo umeshaapa ni jinai nyengine kabisa. Kabla shauri halijapelekwa, rudi kwa aliyekuandikisha, mwambie unataka kuongeza maelezo.

Mpanda Kilima:
Nikirudi kubadilisha si nitakuwa nimejifunga mwenyewe? Yatabaki kama yalivyo. Nilitaka mtu aliyewahi kushinda, sikuja kutafuta khutba.

Mkia wa Taa:
Samahanini, mimi naona mnahangaika bure, kisa hiki kimetungwa. Katoka maulidini, si ndiyo? Maulidi ni tarehe 12 ya Mfungo Sita. Usiku huo saa nne mbalamwezi iko juu, unaweza kusoma gazeti. Yeye anasema giza totoro. Nani hapa Pemba asiyejua mwezi uko wapi siku ya Maulidi?

Mkuu wa Kimara:
Hahaha, kumbe chai! Na mimi nimemtafutia kifungu.

Bi Tausi:
Wewe Mkia wa Taa hujasoma maulidi nini? Yanasomwa Mfungo Sita mzima na wengine wanaendelea mpaka Mfungo Saba. Kwetu tulisoma tarehe 25 ya mwezi, na tulirudi kwa kupapasa.

Mpanda Kilima:
Yalikuwa ya arusi, na mwezi umeshamong'onyoka. Hata mwezi ungekuwepo, ile njia imefunikwa na miti pande zote mbili.

Mpemba wa Ughaibuni:
Na mbalamwezi haikuokoi, angalau huku niliko. Wao wanahesabu jua limekuchwa au bado. Kwetu linakuchwa baina ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo mwaka mzima, halafu giza linaingia mara moja. Taa unaiweka uonekane.

Mkia wa Taa:
Sawa, mwezi tuuache. Lakini kisa cha dinamo kuzimika mbele ya trafiki nilikisoma mwaka jana. Wakati ule baiskeli ilikuwa Makunduchi na mwenyewe alikuwa anatoka kuvua. Kama ni kweli weka picha.

Mtu wa Kwerekwe:
Hicho hata mimi nimekisikia, aliyekihadithia alisema kilimkuta babu yake enzi za Muingereza. Lakini kila mwenye dinamo anaweza kukutwa na hilo, haimaanishi huyu kaiba.

Mpanda Kilima:
Picha nipige vipi, baiskeli iko kituoni? Ni Phoenix nyeusi, madigadi ya nyuma imeliwa na kutu, keria imefungwa kwa waya wa shaba. Mtu atatunga keria? Na hivyo hata si yangu, ni ya shemeji yangu. Tangu siku ile namwambia iko kwa fundi, kila nikimuona naingia uchochoro mwengine. Mnadhani nisingekuwa nimeshalipa kama si kuogopa ataiona stakabadhi ya faini?

Fundi Spoki:
Fundi gani huyo? Kuna mtu alikuja kwangu juzi kuuliza Phoenix nyeusi, nikamwambia mimi sina.

Wakili wa Kibarazani:
Kumbe! Na kituoni umesema baiskeli ya nani?

Mwenye Phoenix:
Kengele yake haina kifuniko cha juu, na siti imeshonwa kwa uzi wa nyavu. Muulizeni kama nasema uongo.

Mkia wa Taa:
Akaunti imefunguliwa leo. Anajijibu mwenyewe huyo.

Baraza Moja:
Mpanda Kilima, kengele ina kifuniko au haina?

Baraza Moja:
Mpanda Kilima?

Wakili wa Kibarazani:
Mwenye Phoenix, kama ni wewe kweli, nenda kituoni na stakabadhi ya kununulia uwaeleze kuwa ni yako na ulimuazima, na yeye arekebishe maelezo yake siku hiyo hiyo. Stakabadhi unayo?

Mwenye Phoenix:
Ninayo. Na dinamo nilimwambia tangu Ramadhani asiitenge, akanijibu nyepesi ndiyo baiskeli.

Mkate wa Ufuta:
Mimi narudi pale pale, karani apige pedali.